Kisigino cha Kalenga

Mimi nilijifunza kupanda kwa kisigino. Kwetu, nje kidogo ya Kalenga, mvua za kwanza zikinyesha mama alikuwa anatangulia na jembe, anachimba shimo, anasonga, anachimba jingine. Sisi watoto tulifuata nyuma na mbegu kwenye kibakuli. Unatupia mbegu shimoni, unavuta udongo kwa mguu, unakandamiza kwa kisigino, unasogea mbele. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha. Mtoto wa Kihehe anafukia mahindi kabla hajajua kuhesabu, na anaendelea kufukia mpaka mguu wenyewe unaijua kazi, hata kama kichwa kinawaza viazi vilivyobaki jikoni. Mama alikuwa akigeuka mara mojamoja kukagua. Shimo lisilokandamizwa vizuri alilitambua kwa macho, na aliyelipita alimtambua kwa fimbo.

Nasema haya mapema kwa sababu kisigino hicho ndicho kilichoniaibisha ukweni, na aibu ile nilikuja kuifuga kama kuku wa mayai.

Niliolewa na mtu wa Ubaruku. Kwenye ramani si mbali na kwetu, lakini ni nchi nyingine kabisa. Kwetu ni vilima, baridi na ugali. Kule ni tambarare, joto, mifereji, na mpunga mpaka macho yanachoka. Mume wangu ni dereva wa malori na makazi yetu tuliyaweka Mbeya mjini, ila mwaka wa kwanza wa ndoa alinipeleka kwa mama yake msimu wa kupanda, ili, kama alivyosema yeye, nizoeane na watu. Mama mkwe alinipokea vizuri mno. Alinichinjia kuku, akanisifia mwanya, na kesho yake asubuhi akanipa fungu la miche ya mpunga na kuniambia tufuatane na wenzetu.

Mpunga haupandwi kama mahindi. Miche inakuzwa kwanza kitaluni, inang'olewa, inafungwa mafungumafungu, halafu inapelekwa kwenye jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta na kujazwa maji na tope. Unainama. Fungu linakaa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unachomoa miche michache na kuichomeka juujuu kwa ncha za vidole. Kisha unarudi nyuma. Hilo ndilo kubwa: unapanda ukirudi kinyumenyume, usije ukakanyaga ulichokwisha kupanda. Wanawake hujipanga mstari mmoja, migongo juu, na kurudi pamoja huku wakiwasengenya watu wa kijiji kizima.

Haya yote naweza kuyaeleza leo. Siku ile hakuna aliyenieleza, kwa kuwa aliyezaliwa pale haoni kama kuna la kueleza. Nilichomeka mche wa kwanza, nikainua mguu, nikaukandamiza kwa kisigino, nikasogea mbele. Wa pili vilevile. Nilikwenda hivyo kwa kasi nzuri, na nikawa najisifu moyoni kwamba nawaacha mbali hawa wenyeji, maana mimi nilikuwa nakwenda mbele na wao walikuwa wanarudi nyuma. Kisha nikasikia kimya. Ukisikia wanawake wa jarubani wamenyamaza, ujue kuna jambo.

"Jamani, njooni mjionee!" mmoja akapiga ukelele. "Mhehe anapanda mahindi kwenye maji!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye tuta. Niligeuka kuangalia kazi yangu. Nyuma yangu hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama; nilikuwa nimeizika yote.

Mama mkwe hakucheka. Alikuja polepole ndani ya tope, akaniondolea fungu la miche mkononi, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu.

"Wewe si mtu wa majini, mwanangu," alisema. "Nenda tu jikoni ukapumzike."

Nimeitafuta kejeli ndani ya maneno yale kwa miaka, sijaiona. Aliyasema kwa huruma tupu. Mimi niliyapokea na kuyatunza. Kila msimu tulipokwenda Ubaruku nilifululiza jikoni, nikawapikia wapandaji maharage na wali, na wakija kula niliwasimulia upya habari za Mhehe na mahindi yake ya majini, kwa kuigiza na mguu. Walinipenda kwa hilo. "Mimi si mtu wa majini" ikawa kama jina langu la utani, na nililivaa bila kubanwa. Kuwa na kitu usichokiweza, na dunia nzima ikakubali kwamba hukiwezi, ni starehe ya aina yake. Hakuna anayekuamsha alfajiri.

Mtoto wetu wa kwanza ni wa kike. Alisema kabla hajatembea, na tangu aanze kusema hajapumzika. Shuleni alipendwa na walimu wa Kiswahili na akachukiwa na wanaotaka darasa litulie. Hesabu zilianza kumshinda alipofika la tano. Jioni alikuwa ananiletea daftari nikiwa kwenye cherehani. Mimi ni fundi wa nguo; nina chumba cha kazi karibu na soko la Mwanjelwa, na mabinti wawili watatu huwa wanajifunza kwangu. Nilikuwa naliangalia lile daftari na kuona mambo ambayo hata mimi yalinipita kushoto enzi zangu. Yeye anang'ang'ania penseli, machozi yanadondokea kwenye sehemu na desimali. Nilikuwa simuwezi akilia. Nikamchukulia penseli mkononi.

"Acha, mama," nilimwambia. "Hesabu si zetu sisi. Upande wangu hakuna anayeziweza."

Aliniegemea begani na kulala palepale. Nilijiona mzazi mwema. Mimi hesabu nilifundishwa kwa fimbo, na nilikuwa nimeapa kwamba mtoto wangu hatapigwa kwa sababu ya namba. Kiapo hicho nilikitimiza kikamilifu. Ikawa desturi yetu: analeta daftari, anakwama, nachukua penseli, tunafunga, tunakula.

Alipoingia sekondari niliitwa kwenye kikao cha wazazi. Mwalimu wa hesabu alikuwa binti mdogo, sketi yake imejaa chaki, na aliniambia mwanangu hamalizi swali. Anaanza vizuri, akikwama mara moja tu anaweka kalamu chini na kukunja mikono, anasubiri.

"Anasubiri nini?" nikauliza.

"Sijui, mama. Labda anasubiri mtu amwambie basi."

Nilimwambia asihangaike, huyu ni mtoto wa lugha, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Alinijibu kwamba nyoka huzaliwa na sumu yake, lakini hesabu hakuna anayezaliwa nazo. Nilimwona ana kiburi. Niliporudi chumba cha kazi nilimkuta mmoja wa mabinti amepinda mshono wa mkono wa gauni, na kabla sijavua koti nilikwisha kumwambia, "Fumua, urudie." Akafumua. Hakulia, na mimi sikumwonea huruma wala kumwambia kwamba mikono ya magauni si ya ukoo wao. Kufumua ndiyo kazi yenyewe. Mambo hayo mawili yalitokea mchana mmoja na sikuyaunganisha.

Kidato cha pili alifeli. Hesabu ziliivuta fizikia, fizikia ikaivuta kemia, zote zikazama pamoja. Kufeli mtihani ule si aibu ya kujificha nayo ndani. Unarudia darasa, unabaki na wadogo zako, na wenzako wanakupita kila asubuhi kwenda cha tatu. Alisoma matokeo kwenye simu yangu, akanirudishia, akaenda kuosha vyombo. Kesho yake akasema anakwenda kumsalimia bibi yake Ubaruku kabla shule haijafungua. Nilimruhusu. Nilidhani anakwenda kulia mbali na majirani, jambo ambalo nililielewa.

Baada ya siku chache nikapata ujumbe kutoka kwenye simu ya bibi yake. "Mama me sirudi. Nakaa huku. Shule naachana nayo tu, usijisikie vibaya." Nikapiga. Alipokea mama mkwe mwenyewe, na nyuma yake nilisikia pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono, linavuruga tope.

"Mwache akae na mimi, mwanangu," alisema. "Ng'ombe hashindwi na nunduye. Shule siyo ya kila mtu. Huku mkono wake ni mwepesi, anapanda vizuri kweli."

Mume wangu alikuwa njiani kuelekea Tunduma na mzigo. Aliposikia alisema nimlete mtoto, akakata simu, kwa vile mtandao wa barabara ile anaujua yeye na Mungu wake. Mkuu wa shule alikuwa ametuambia wazi: anayerudia asiporipoti wiki ya kwanza, asije tena. Wiki hiyo ilikuwa inaanza Jumatatu. Nilifunga chumba cha kazi, nikapanda basi la Iringa, nikashukia njia panda ya Rujewa na kuchukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo mengi na mazuri.

Nilimkuta jarubani. Alikuwa katikati ya mstari, sketi ya shule ameikunjia kiunoni, anarudi nyuma sambamba na wanawake wenye umri wangu na kuwazidi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unachomeka bila yeye kuuangalia. Alikuwa anasimulia kitu, na mstari mzima ulikuwa unacheka. Nilisimama kwenye tuta na mkoba wangu na viatu vya kufunga kamba, na niseme ukweli, kabla ya hasira ilikuja fahari, na baada ya fahari ukaja wivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Toka humo, twende."

"Twende wapi?"

"Nyumbani. Jumatatu unaripoti shule."

Alinyooka, akajifuta paji la uso kwa mkono wa tope.

"Mama, me hesabu siwezi. We mwenyewe unajua. Nikirudia nafeli tena, halafu nakuwa shangazi wa darasa zima. Ya nini?"

"Utajifunza."

"Hata wewe hujui kupanda mpunga na hujafa," alisema. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Unapika, unachekesha, watu wanakupenda. Kila mtu na fungu lake. Si ndo unavyosemaga?"

Mwanamke mmoja akasema, "Hapo kasema." Wengine wakaguna. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, mambo yangu yalikwisha kukauka, samaki hukunjwa angali mbichi.

"Kwani mwaka ule wa mahindi ulikuwa mzee?" akauliza. "Si ulikuwa bibi harusi?"

Nimewasikia watu wakisimulia mambo kama haya kana kwamba pale pale walipata mwanga. Mimi nilipata hasira. Maneno yangu yote ya kwenye basi yalipotea, na badala yake nikajikuta nimeinama navua viatu. Nilivua na soksi, nikapandisha gauni, nikafunga kitenge juu yake.

Mama mkwe alikuwa juu ya tuta anagawa mafungu. "Mwanangu, utachafuka bure," alisema. "Na jikoni maharage yataungua."

"Yaungue, mama. Nipe miche."

Alinipa, kwa uso wa mtu anayempa mgonjwa chakula alichokatazwa.

Tope la Ubaruku linashika mguu hadi kwenye kigimbi. Nilichomeka mche wa kwanza ukaelea. Wa pili nikauzamisha hadi majani. Wa tatu ukasimama, na kwa furaha ya kuusimamisha kisigino kikapanda chenyewe na kuukandamiza. Wanawake hawakucheka mara moja. Nadhani walikuwa wananistahi kwa sababu ya mkwe wangu. Kisha mmoja akashindwa kujizuia, na ikawa kama mwaka ule.

Binti yangu alikuja kusimama karibu. Ualimu hakujaliwa. Alikuwa anaelekeza kwa kufoka.

"Siyo hivyo. Juujuu. Juujuu tu mama, mbona unauzika? Haya, rudi nyuma. Nyuma! Mama, kisigino!"

"Nimekisikia."

"Kimesikia chenyewe?"

Kurudi nyuma ndiko kulikonitesa kuliko yote. Mtu aliyezoea kwenda mbele akiambiwa arudi nyuma ndani ya tope anakaa chini bila kupenda, na mimi nilikaa zaidi ya mara moja. Mgongo uliuma. Ruba mmoja alinishika kwenye kigimbi na nikapiga kelele ambazo, naambiwa, zilifika hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wenzetu walimaliza, wakahamia jaruba la mbele, kisha wakaenda kula maharage yaliyoungua. Tukabaki wawili, mimi na yeye, na kipande changu kimepinda kama njia ya mbuzi.

Yeye ndiye aliyelegea kwanza. Nadhani aliniona nimechoka kweli, maana sauti ilishuka.

"Lete nikumalizie, mama," alisema, akanyoosha mkono kuuchukua ule mzigo wa miche. "Basi. Inatosha. Umejitahidi."

Niliutambua ule mkono. Ulikuwa wa mama mkwe, mwaka ule, hapo hapo. Na kabla sijamaliza kuushangaa nikaona ni wa kwangu, juu ya daftari, unachukua penseli. Wote watatu tulikuwa tumefanya kwa upendo, na sikuwa na wa kumlaumu.

"Usininyang'anye," nilimwambia, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Nionyeshe tena, lakini usinishikie."

Alirudisha mkono. Akainama mbele yangu, akachomeka mmoja taratibu sana, nikaona kidole gumba kinavyofanya, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nianze. Tukaendelea mpaka jaruba likaisha. Hatukuzungumza juu ya shule.

Asubuhi yake nilikwenda mapema kuangalia. Karibu nusu ya miche yangu ilikuwa imeelea usiku na kusukumwa na upepo kwenye kona, imelala juu ya maji. Sikulia, ila nilitaka. Mama mkwe alikuja nyuma yangu, akatazama, akasema lile alilokuwa nalo siku zote, huruma.

"Usijali, mwanangu. Nitawaambia hawa waitengeneze sasa hivi, haitachukua muda."

Aliita wawili, nao wakaanza kushuka na mafungu yao. Binti yangu alikuwa anapiga mswaki kwenye mfereji. Alitema povu na kuja mbio, mswaki mkononi.

"Bibi, waambie waache," alisema. "Hiyo ni ya mama. Bado hajamaliza."

Mama mkwe alimwangalia mjukuu wake, akaniangalia mimi, miguu yangu imevimba. Akawapungia wale wanawake mkono warudi. Nikashuka peke yangu na kuziba mapengo, mojamoja, hadi jua likawa kali. Kisigino kilipanda mara kadhaa, na kila kilipopanda nilikisikia. Miche ya siku hiyo mingi ilisimama.

Tulipokwenda kunawa mferejini, binti yangu alikaa pembeni yangu na kunisugua tope kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa kimya, na kwake kimya ni habari.

"Mama," alisema baadaye, "ulivyokuwaga unanichukulia penseli, me nilikuwa nafikiri umeona kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kwamba umeniangalia ndani ukaona haimo. Akili ya hesabu. We si mama yangu? Nikasema kama mama ameangalia akakosa, basi haimo kweli."

Kauli hiyo iliniumiza, na naiandika hapa bila kuipamba kwa sababu sijawahi kuambiwa jambo zito zaidi ya hilo. Nilimwambia sikuwa nimeona kitu chochote. Nilimwambia sikuwa nimeangalia hata. Nilikuwa nimeona machozi tu, nikataka yakome.

"Yalikuwa yanakoma yenyewe," alisema. "Ungesubiri kidogo."

Jumapili tulirudi Mbeya na Jumatatu akavaa sare. Sikumwuliza kama ameamua; nilisikia tu pasi inachomekwa.

Mwaka ule haukuwa mzuri kama watu wanavyopenda kusikia. Alikaa na wadogo zake darasani na wakamwita mama mlezi. Mtihani wa kwanza wa hesabu alifeli kama kawaida, wa pili alifeli kidogo pungufu. Yule mwalimu wa chaki alikubali abaki baada ya vipindi, na mimi, niliyemwita mwenye kiburi, nilimshonea sketi na sikumweleza kwa nini. Nyumbani daftari lilifunguliwa upya mezani. Akikwama alikuwa analia vilevile. Nami nilikuwa nashika mkasi, hata kama hakuna cha kukata, ili mikono yangu iwe na shughuli. Kusubiri ni kazi ngumu kuliko kushona suti. Mara nyingine alilala juu ya swali bila kulipata, na kesho yake akalianza upya. Mara nyingine alilitupa daftari uani, nikaliacha huko huko mpaka alipolifuata mwenyewe. Nikiuliza, "Umeelewa?" alinijibu "Bado," na sikuongeza neno, ijapokuwa neno nilikuwa nalo mdomoni, lile la zamani, tayari kabisa.

Pasaka nilikwenda Kalenga kumwona mama yangu. Tulipomaliza kusalimiana kwa kamwene zetu za Kihehe na kuulizana habari za kila ng'ombe, nilimsimulia jinsi nilivyopanda mpunga.

"Kwa kurudi nyuma?" akauliza.

"Kwa kurudi nyuma, mama."

"Ni kupanda gani huko? Utafikiri mnaiomba ardhi msamaha."

Nikacheka hadi nikapaliwa, na yeye akanipigapiga mgongo kwa kiganja kama nilipokuwa mdogo.

Januari iliyofuata tulikwenda Ubaruku wote wawili. Shule ilikuwa bado haijafungua na matokeo yalikuwa hayajatoka. Mama mkwe alinipokea na mwiko mkononi, kwa mazoea, akaninyooshea. Kisha akakumbuka, akaurudisha kwenye sufuria, na akanipa fungu la miche, dogo kuliko ya wengine. Niliingia mwisho wa mstari. Mimi si mpandaji mzuri hata leo. Wananiacha nyuma, au niseme wananiacha mbele, kwa jinsi kazi ile inavyokwenda. Ila mstari wangu unaonekana kuwa mstari.

Binti yangu alikuwa upande wa pili wa jaruba. Simu ya bibi yake alikuwa ameifunga kwenye nailoni na kuichomeka kwenye pindo la kitenge. Jua lilikuwa limeshapanda ilipolia kwa ujumbe wa matokeo. Alinyooka, akafuta vidole kwenye nywele, akaitoa, akasoma. Akasoma muda mrefu mno. Mstari mzima ulisimama, wanawake wakiwa wameinama hivyo hivyo na miche mkononi, wakimtazama kutoka chini. Mimi nilisimama wima. Nilitaka kumfuata, nilitaka kuichukua ile simu mkononi mwake nikaisome mimi kwanza, ili kama ni mbaya nijue namna ya kumwambia. Nilibana miche kifuani na kubaki nilipo.

"Nimepita," alisema, kwa sauti ndogo. Kisha akavuta pumzi. "Mama! Hesabu D!"

D ni alama ya chini kabisa ya kufaulu. Kuna nyumba Mbeya ambako D ya hesabu ingemlaza mtoto bila chakula. Mimi nilipiga vigelegele. Niliruka, nikasema Mungu wangu, nikarusha miche juu, nikamwendea moja kwa moja, nikikata jaruba katikati kwa miguu yote miwili kama mtu anayevuka shamba la mahindi. Wanawake walikuwa wanapiga makofi. Yeye alikuwa anacheka na kulia, mikono ameinyanyua, na nilidhani ananipokea, kumbe ananizuia.

"Mama, kisigino!" alipiga kelele. "Mama, unakanyaga! Kisigino!"